Kodi Meja Kwenye Kinanda Hailii Inavyotakiwa: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na kodi meja ni ile ya sauti tatu yenye mlio mchangamfu. Wanaojifunza kuipiga kwenye kinanda hulalamika mambo yale yale. "D yangu inalia kama ya msibani." "Kodi ni sahihi lakini kwaya iko kwingine." "Mkono wa kushoto unavuma tu." "Nabonyeza vitatu, naisikia miwili." Malalamiko hayo yamepangwa hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachokutwa mara nyingi kinatangulia, na ukaguzi usiogharimu kitu unakuja kabla ya kushika bisibisi. Waweza kusoma dalili yako tu na kuacha nyingine, ila kipimo kinachofuata kifanye kwanza, maana ndicho kitakachokuambia kama shida iko mikononi au ndani ya kinanda.

Kipimo cha kwanza: C, E, G

Vibonyezo vyeusi vimekaa makundi ya viwili na makundi ya vitatu. Cheupe kinachopakana na kundi la viwili kwa upande wa kushoto ni C. Chagua C iliyo karibu na katikati ya kinanda. Weka kidole gumba cha mkono wa kulia hapo, ruka cheupe kimoja uweke kidole cha kati kwenye E, ruka kingine uweke kidole kidogo kwenye G. Bonyeza vyote kwa pamoja. Hiyo ni C meja.

Sasa ihesabu. Hatua moja ni kutoka kibonyezo kimoja hadi jirani yake wa karibu kabisa, awe mweusi au mweupe. Kutoka C: C shapu (cheusi cha kulia kwa C) ni moja, D mbili, D shapu tatu, E nne. Kutoka E: F moja, F shapu mbili, G tatu. Nne, kisha tatu. Kodi meja yoyote, uanzie wapi uanzie, ni sauti ya msingi, hatua 4 juu yake, halafu hatua 3 nyingine. Rangi ya vibonyezo haihusiki kabisa, na karibu kila kosa la mwanafunzi mpya linatokana na kuangalia rangi badala ya kuhesabu umbali.

Aliyeimba kwaya kwa solfa anaijua sauti hii tangu zamani: ni do, mi, so. Imba kwanza d m s, halafu bonyeza. Vidole vikikosea, koo litakuambia.

C E G ikilia vizuri na kodi nyingine zikakataa, shida ni hesabu au vidole. C E G yenyewe ikilia ovyo, au ikiwa safi lakini hailingani na C ya kinanda cha mwenzako, kagua vitufe na kifaa kabla hujalilaumu sikio lako.

Dalili: Natafuta meja, inatoka ya huzuni au ya kuning'inia

Chanzo kikuu ni sauti ya kati kuwa hatua moja chini. Mwanafunzi ameona C E G ni vyeupe vitatu vya kuruka, akahamisha mkono mzima hadi D bila kubadili kitu, akapata D F A. Hesabu: kutoka D hadi F ni hatua 3 tu, kisha 4 hadi A. Umbali umegeuzwa, na hiyo ni D maina, yaani kodi ya huzuni. D meja ni D, F shapu, A. Ukipiga vyeupe tu kwa kuruka kimoja kimoja, meja utazipata tatu peke yake: C, F na G. D, E na A zitatoka maina. B itatoka kitu cha tatu kabisa, B D F, hatua 3 na 3, kodi inayosikika kana kwamba inasubiri kuangukia mahali.

Marekebisho ni madogo. Shika kodi yako, acha gumba na kidole kidogo palipo, pandisha kidole cha kati hatua moja. Ikichangamka, umepata. Rudia mara kadhaa kwa kupanda na kushuka, meja, maina, meja, maina, ukiwa umefumba macho. Zoezi hilo la dakika tano linafundisha sikio kuliko kukariri jedwali la kodi kumi na mbili.

Chanzo cha pili ni kuhesabu kibonyezo ulichoanzia kama moja. Dalili yake ni tofauti kidogo: kodi haina huzuni, inakwaruza. Anayehesabu C kuwa moja atatua D shapu akidhani ni ya nne, kisha ataihesabu D shapu kuwa moja na kutua F. Anapata C, D shapu, F, na hakuna wimbo wa sifa utakaoipokea. Unapoanza kuhesabu, kidole kinyanyuke kwanza ndipo useme moja.

Cha tatu ni mitego miwili ya kinanda: kati ya E na F hakuna cheusi, kati ya B na C hakuna cheusi. Hapo cheupe hadi cheupe ni hatua moja kamili. Kodi zinazowanasa watu wengi kwa sababu hiyo ni B na B flati (cheusi cha kushoto kwa B). B meja ni B, D shapu, F shapu. B flati meja ni B flati, D, F. Zihesabu mwenyewe mara moja polepole, na hutazisahau.

Ukishaamini hesabu, unaweza kuanza kutumia maumbo kama njia ya mkato. C, F na G ni nyeupe tupu. D, E na A zina cheusi katikati. Zilizogeuzwa rangi, cheusi cheupe cheusi, ni D flati, E flati na A flati. F shapu ni nyeusi tupu, na wapigaji wengi wanaipenda kwa sababu mkono unakaa juu kwa raha. B na B flati zinabaki wakorofi wawili wasio na kundi.

Kabla hujasahihisha, kuna chanzo cha nne cha kukumbuka: huenda wimbo wenyewe unataka maina hapo. Wimbo wa meja unaweza kupita kwenye la-do-mi na kurudi. Kama kodi ya huzuni inakubaliana na waimbaji, usiiguse.

Dalili: Kodi ni safi peke yake, ikiingia kwenye wimbo inagongana

Hapa watu hupoteza miezi wakilaumu masikio yao, na mara nyingi chanzo ni kitufe.

Angalia transpozi kwanza. Vinanda vingi vya umeme vina kitufe kilichoandikwa TRANSPOSE chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Aliyekitumia kabla yako akiacha +2, wewe unabonyeza C na kinanda kinatoa D. Mkono uko sawa, jicho liko sawa, sauti iko hatua mbili juu. Tazama namba kwenye kioo, irudishe sifuri. Kwenye vinanda vingi kubonyeza + na − kwa pamoja kunarudisha sifuri, na vingine hujisafisha vikizimwa na kuwashwa, lakini si vyote. Kinanda cha kanisani chenye wapigaji watatu kikaguliwe kila mara kabla ya ibada. Na nikiri upendeleo wangu: sipendi mwanafunzi afundishwe kupiga kila wimbo kwa mkono wa C huku transpozi ikimfanyia kazi. Siku atakayokutana na piano ya nyuzi isiyo na kitufe hicho, atasimama.

Chanzo cha pili ni do. Kwa wanaosoma solfa ya kwaya, ile iliyoenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa huku Afrika Mashariki na wamisionari, do inahama. Juu ya karatasi ya wimbo huandikwa "Do = G" au "Do = E flati", na hapo do-mi-so haiwi tena C E G. Do ikiwa G, kodi ya nyumbani ni G B D. Ikiwa E flati, ni E flati, G, B flati. Anayepuuza mstari huo mdogo juu ya karatasi atagongana na kwaya kuanzia neno la kwanza. Kinyume chake, mwanamuziki aliyesomea Lubumbashi, Bujumbura au popote mafunzo yalipofuata Kifaransa, kwake Do ni jina la C daima, na Do haihami. Wawili hawa wakikaa kwenye bendi moja na mmoja akasema "anza na Do", kila mmoja ataanzia kwake. Kubalianeni kwa herufi.

Chanzo cha tatu: kwaya imeanza yenyewe bila kupewa sauti, nawe unaifuata. Usiifukuze kwa kodi nzima nzima, maana kila kodi yenye makosa inaongeza vurugu na waimbaji nao wanaanza kuyumba. Punguza sauti ya kinanda. Kwa kidole kimoja, tafuta sauti ambayo besi wanatulia nayo mwishoni mwa ubeti. Katika nyimbo nyingi za ibada hiyo ndiyo do. Ukishaipata, jenga juu yake 4 na 3, ndipo upandishe sauti. Ikiwa do yao imeangukia katikati ya vibonyezo viwili, huwezi kuipata kwa vidole. Nyamaza hadi wimbo unaofuata na uwape sauti kabla hawajaanza.

Cha nne: umepata meja, lakini si meja yake. Nyimbo nyingi sana zinaendeshwa na kodi tatu, ambazo wapigaji huziita moja, nne na tano. Do ikiwa G, hizo ni G, C na D, zote meja. Kwa solfa ni d m s, f l d, na s t r. Tazama: kati ya tatu hizo, sauti zote saba za ngazi zimo. Kwa hiyo sauti yoyote ya kawaida anayoimba kiongozi, angalau kodi moja kati ya hizo inaibeba. Jaribu tatu hizo kwa zamu kwenye neno linalogongana, na moja itatulia.

Cha mwisho kinawahusu wa Pwani. Ukiweka kodi meja chini ya wimbo wa taarabu uliotungwa kwa makamu ya rast (makamu ni mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu), sauti ya kati itakwaruza hata ukihesabu sawasawa. Mi ya rast inakaa chini kidogo ya E ya kinanda na juu ya E flati, mahali ambapo fidla na kanuni (ala ya nyuzi ya taarabu) hufika lakini kibonyezo hakifiki. Dawa ni kuiacha sauti ya kati, upige ya msingi na ya juu tu, umwachie mi mpiga fidla. Baadhi ya vinanda vilivyotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu vina mpangilio wa kushusha sauti moja moja.

Dalili: Mkono wa kushoto unavuma, kodi haisikiki kama kodi

Umeishusha mno. C iliyo oktava mbili (oktava moja ni hatua 12) chini ya C ya kati inatetema mara 65 hivi kwa sekunde, na E inayoifuata mara 82. Tofauti yake ni 17 tu, na sikio haliwezi kuzitenganisha vizuri, linasikia mngurumo. Katikati ya kinanda C ni 262 na E ni 330, nafasi ipo, kila sauti inasimama. Hesabu ya 4 na 3 ni ile ile, lakini kule chini haina hewa.

Marekebisho: kushoto piga sauti ya msingi peke yake, au msingi na oktava yake, au msingi na ya hatua 7, yaani C na G. Ile ya kati, E, iachie mkono wa kulia. Kodi itabaki meja kwa sababu sikio linaunganisha mikono yote miwili.

Kama bado inavuma, kagua pedali ya kushikilia sauti. Mwanafunzi huikanyaga mwanzo wa wimbo na kuiachia kwenye "amina". Iachie kila kodi inapobadilika, ukanyage tena mara tu kodi mpya inapolia. Pedali ikifanya kazi kinyume, sauti zinaendelea ukiinua mguu na kukatika ukikanyaga, haijaharibika: zima kinanda, chomoa na uchomeke pedali bila kuikanyaga, kisha washa. Baada ya hapo shuku mwangwi uliowekwa kwenye kinanda, halafu besi ya mikisa. Fundi mitambo anayependa besi anaweza kuizamisha kodi nzuri kuliko vidole vyovyote.

Dalili: Nikibonyeza upande wa kushoto, kodi inabadilika au ngoma zinaanza

Usindikizaji wa kinanda umewashwa. Tafuta kitufe kilichoandikwa ACMP, ACCOMP au CHORD, ukizime. Ukiwa umewashwa, vibonyezo vya kushoto vinaacha kuwa piano na kuwa amri.

Ukitaka kuutumia, jua kwamba kuna namna ya kidole kimoja na namna ya kodi kamili, na zinachanganya. Kwenye Yamaha zenye namna ya kidole kimoja, C peke yake inatoa C meja. Ukiongeza cheusi chochote cha kushoto kwake inakuwa maina. Kwenye Casio zenye namna kama hiyo, kinachohesabiwa ni idadi: kibonyezo kimoja ni meja, ukiongeza kimoja kulia kwake ni maina, ukiongeza viwili ni kodi ya saba, yaani meja iliyoongezwa sauti ya nne. Kwa hiyo mwanafunzi anayebonyeza C E G kwa uaminifu wake wote anapewa C7, kodi ya saba ya C, na anajiuliza kakosea wapi. Hajakosea. Badilisha namna iwe ya kodi kamili, na C E G itasomwa kama C E G.

Dalili: Nabonyeza vitatu, zinasikika sauti mbili

Bonyeza ile isiyosikika peke yake, kwa nguvu ya kawaida. Jibu la kipimo hicho linagawa njia mbili.

*Ikilia peke yake*, kibonyezo ni kizima na chanzo ni mojawapo ya haya. Kwanza, vidole havishuki pamoja. Kwenye kinanda kinachopokea nguvu ya mguso, kidole kilicholegea kinatoa sauti ndogo inayomezwa na mbili nyingine. Piga kodi kama sauti tatu zinazofuatana, C, E, G, zote kwa nguvu sawa, kisha punguza nafasi kati yake mpaka ziwe moja. Pili, unatumia programu kwenye simu, na kiganja au kidole cha nne kimegusa kioo na kuichanganya. Tatu, unapiga kwa kicharazio cha kompyuta: vingi havisomi herufi tatu za mahali fulani kwa wakati mmoja, hata ufanyeje. Hamishia kodi kwenye herufi nyingine, au tafuta kinanda halisi. Nne, kinanda kidogo chenye uwezo wa sauti chache kwa pamoja. Ukikanyaga pedali na kupiga kodi kadhaa, sauti za zamani zinakatwa ili mpya zipate nafasi. Hilo halitengenezeki, ila kuachia pedali mapema kunasaidia.

*Isipolia hata peke yake*, au ikilia kwa nguvu mno ya ghafla, au mpaka uikandamize, shida ni kibonyezo. Chini ya kila kibonyezo cha kinanda cha umeme kuna mpira wenye kidonge cheusi cha kaboni kinachogusa ubao wa saketi. Vumbi likiingia, au unyevu wa chumvi wa mwambao, mguso unakuwa hafifu. Jaribu kwanza yasiyohitaji kufungua: zima, chomoa umeme, geuza kinanda kifudifudi juu ya kitanda na ukitikise taratibu. Sarafu, punje za mchele na klipu za karatasi hutoka kwa wingi wa kushangaza. Pembeni mwa vibonyezo pitisha brashi kavu laini.

Mwenye uzoefu wa kufungua vifaa anaweza kuinua mipira na kusafisha kaboni na ubao kwa spiriti yenye kilevi kikali na kitambaa kisichotoa nyuzi, akaacha ikauke kabisa. Asiye na uzoefu ampelekee fundi wa vyombo vya muziki. Usipulizie mafuta ya kulainishia bawaba, usimwage petroli, usikwaruze kaboni kwa msasa. Vyote hivyo vinageuza kazi ya saa moja kuwa ya kununua ubao mpya.

Acha na umwite fundi ikiwa kinanda kimemwagikiwa na maji, soda au chai. Kikitoa harufu ya kuungua. Adapta ikiwa ya moto isiyoshikika. Au vibonyezo vingi vilivyofuatana vimekufa kwa pamoja, dalili kwamba ni saketi. Chomoa na usijaribu kuwasha "kuona kama bado". Na kabla ya kuazima adapta ya kinanda kingine, linganisha volti na mchoro wa + na − uliochapwa kwenye adapta na kando ya tundu la kinanda. Plagi kuingia tu si ushahidi, maana katika vinanda vingine chanya iko ndani na katika vingine iko nje.

Dalili: Kodi inatetemeka, haitulii

Kwenye kinanda cha umeme, badilisha sauti iwe piano ya kawaida. Sauti nyingi za ogani na "strings" zina mtetemo wa makusudi. Kama ulikuwa huko, hakuna ubovu.

Ikiwa ni piano na bado unasikia mtetemo mwembamba, haraka, hasa kati ya C na E, pongezi: sikio lako limefika mahali pazuri. Meja ya asili, ile inayotoka kwenye koo za kwaya iliyozoeana, inakaa kwa uwiano wa 4:5:6. Kinanda kimegawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa ili wimbo uweze kupigika kuanzia do yoyote, na bei ya usawa huo ni kwamba mi yake iko juu kidogo ya mi ya asili, sehemu 14 kati ya 100 za hatua moja. Ndani ya kila sauti kuna mitetemo ya juu yenye kasi mara mbili, tatu, nne na kuendelea ya ule wa msingi: wa tano wa C ya kati ni 1308 kwa sekunde, wa nne wa E ni karibu 1318, na zile 10 za tofauti ndizo unazozisikia zikipigana. So haina shida hiyo, imekosa sehemu 2 tu. Ilimba za Wagogo, ala za vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba ambazo mwanamuziki Hukwe Zawose alizifikisha mbali na Dodoma, hutengenezwa kwa kuifuata mi ya asili, na ndiyo maana kuipigia kinanda pamoja nayo kunaleta msuguano hata ukiwa na kodi sahihi. Kwaya nayo ikiimba bila ala hushuka yenyewe hadi mi hiyo. Kinanda kikiingia, mi inaonekana imepanda. Hakuna wa kulaumiwa hapo.

Kwenye piano ya nyuzi kuna chanzo kingine na ndicho cha kawaida. Sauti nyingi za katikati na juu zina nyuzi tatu kila moja. Zikiachana kidogo, kibonyezo kimoja tu kinatoa sauti inayoyumba. Kwa hiyo pima: bonyeza E peke yake. Ikiyumba ikiwa peke yake, piano inahitaji kusawazishwa. Usijaribu kwa spana. Ndani kuna nyuzi zaidi ya 200, na mvuto wake wa pamoja unafika tani nyingi. Uzi ukikatika usoni unaweza kukutoa jicho, na pini iliyolegezwa vibaya haishiki tena. Piano iliyokaa miaka mingi bila kusawazishwa hupandishwa kwa awamu, na fundi akikuambia atarudi mara ya pili, hadanganyi. Vibonyezo vinavyonasa wakati wa masika ni mbao zilizovimba. Mweleze hilo pia, na usivimiminie mafuta.

Dalili: Kodi nazijua, mkono unachelewa kufika

Unaruka. Kutoka C E G kwenda F A C kwa kuhamisha mkono mzima ni safari isiyo ya lazima, kwa sababu kodi haijali sauti ipi iko chini ya mkono wa kulia. Shika C E G. C ibaki palepale. E ipande hatua moja kuwa F. G ipande mbili kuwa A. Umepata F meja, C F A, na gumba halijatoka. Rudi C E G. Sasa G ibaki. C ishuke hatua moja kuwa B, E ishuke mbili kuwa D. Hiyo ni G meja, B D G. Moja, nne na tano zimekaa mahali pamoja.

Vidole: C E G na C F A kwa gumba, kidole cha kati na kidole kidogo; B D G kwa gumba, cha shahada na kidogo. Mkono wa kushoto wakati huo unapiga msingi mmoja mmoja: C, F, G. Fanya polepole kiasi cha kutokosea hata mara moja. Ukikosea mara mbili mfululizo, mwendo ni mkubwa mno, punguza.

Dalili: Mkono unauma au unakufa ganzi

Kagua kiti kabla ya mkono. Meza ya kulia ina kimo cha sentimita 75 hivi. Ukiweka kinanda juu yake vibonyezo vinapita 80, wakati kiti cha plastiki kinakuweka chini. Mabega yanapanda, viganja vinaning'inia, misuli ya mkono inafanya kazi ya kushikilia badala ya kupiga. Kiwiko kiwe usawa wa vibonyezo au juu yake kidogo. Ongeza mto, au teremsha kinanda kwenye stendi.

Kisha kagua vidole vinafanya nini baada ya kodi kulia. Sauti ikishatoka, kuendelea kukandamiza hakuongezi kitu. Legeza hadi uzito unaotosha tu kuzuia kibonyezo kisirudi. Mwenye mkono mdogo anayevutwa na kodi pana kama oktava na zaidi aigawe kwa mikono miwili.

Uchovu wa misuli unaoisha kwa kupumzika ni wa kawaida kwa anayeanza. Maumivu makali kwenye kifundo, ganzi au kuwashwa kwenye vidole, au kidole kinachokwama na kufunguka kwa mstuko, hayo si ya kuvumilia. Funga kinanda siku hiyo. Yakirudi ulipoanza tena, au yakikuamsha usiku, nenda kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, umweleze unapiga saa ngapi kwa siku, kiti chako kina kimo gani, na kidole kipi kilianza.